Mtoto Anafundishwa Filamu Skuli: Tumkataze au Tumuelekeze?

SUALI

Mtoto wetu yuko kidato cha tatu, anasoma Kahama, Mkoa wa Shinyanga, na anakaa kwa ami yake mwenye duka huko. Skuli yao ina kikundi kinachofundishwa mambo ya vyombo vya khabari na kutengeneza filamu fupi kwa simu. Sasa wanataka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu kuwarikodi watoto wenzao wanaofanya kazi badala ya kusoma. Baba yake anasema picha ni haramu na filamu ni uchafu, aachane nayo. Mimi naona anajifunza jambo la maana. Tufanye nini?

Mama, Pemba

JAWABU

Himdi zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Sahaba zake.

Mama yetu, suali lako lina mambo mawili. Lipo la elimu yenyewe: je, mtoto asome haya? Na lipo la safari ya machimboni: je, aende, na akienda afanye nini? Tutayajibu moja moja, kwa sababu hukumu zake si sawa.

Hukumu ya picha

Baba wa mtoto hakuzua. Zipo hadithi sahihi katika Bukhari na Muslim zenye makemeo makali kwa wanaotengeneza picha za viumbe wenye roho. Wanavyuoni waliotangulia walizizungumza wakiwa na masanamu na michoro ya mikono mbele yao. Kamera ilipokuja, wakakhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akasema kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kiumbe alichokwisha kukiumba Allah, si kuumba mfano wake. Sheikh Ibn Baz na Sheikh al-Albani walikaza zaidi, lakini hata wao waliruhusu penye haja. Sheikh Ibn Uthaymin aliitenga picha ya video na ile iliyokemewa katika hadithi.

Kwa hiyo ni masuala ya khilafu inayoheshimika. Sisi tunaelemea kwa wanaosema kuwa hukumu ya picha ya kamera inafuata kilichomo ndani yake na makusudio ya aliyeipiga. Aliyepiga picha ya uchi amefanya haramu, na aliyepiga picha ya ufa wa daraja ili watu wasife ametenda wema kwa simu ile ile.

Tena tukumbuke, visiwa vyetu vilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Bara hawakupata televisheni yao mpaka mwaka 1994. Wazee wetu waliulizana masuali haya haya sebuleni. Na tangu mwaka 1998 tuna tamasha la filamu la kimataifa hapa hapa Unguja. Wako kati yetu wasiotia mguu, na wana hoja zao kwa baadhi ya yanayoonyeshwa. Lakini hakuna anayeweza kusema leo kuwa filamu ni jambo la ugenini. Imo mfukoni mwa kila kijana. Mwalimu wa Kahama hakumpelekea mtoto wako kamera. Amemkuta nayo, na anataka kumfundisha adabu yake.

Video nayo ina sanad

Tuliosoma chuoni tunajua kuwa hadithi ina sanad na matni. Kabla ya kuuliza imesemwa nini, mwanachuoni huuliza: nani amepokea kutoka kwa nani, je walikutana, je ni mkweli, je hifadhi yake ni nzuri? Kwa njia hiyo umma uliyachuja maneno ya Mtume wake. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

Elimu ya vyombo vya khabari ikifundishwa vizuri ni mlango wa elimu hiyo hiyo. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza: video hii nani ameipiga? Siku gani, mahali gani? Ilianza wapi kabla haijakatwa? Nani anafaidika ikisambaa?

Tunaeleza hili tukiwa na aibu yetu wenyewe. Tuliwahi kupokea video ya chombo kinachozama, tukaipeleka kwenye kundi la simu la msikiti kwa nia ya kuomba dua. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa safarini siku ile aliiona, akaanguka. Baadaye ikabainika kuwa ni video ya nchi nyengine, ya miaka mingi nyuma. Sisi tumesoma madrasa na chuo kikuu, na hatukuuliza hata suali moja. Mtume (S.A.W) ametufunza kuwa inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Siku ile tulifahamu kuwa na kusambaza kila tulichokiona kumo humo.

Jengine wanalojifunza ni nguvu ya mkasi. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, karibu miaka mia iliyopita, alichukua picha ya uso wa mtu mmoja ule ule, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Watazamaji wakaona njaa mara ya kwanza na huzuni mara ya pili, na uso haukubadilika hata kidogo. Mwanafunzi aliyewahi kukata na kuunga picha kwa mkono wake hadanganyiki kwa urahisi anapoletewa sekunde ishirini za khutba ya sheikh, zimekatwa pale tu aliponukuu maneno ya wapinzani ili ayajibu.

Na mikoa ile ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama. Baadaye yakaja madai mazito kuwa wako waliofukiwa hai ndani ya mashimo. Serikali na kampuni zikakanusha. Mikanda ya video ikawa sehemu ya mvutano: upande mmoja uliileta kama ushahidi, upande wa pili ukasema haionyeshi hayo yanayodaiwa. Mwaka 2002 ofisi ya usuluhishi iliyo chini ya Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa madai yale, na wanasheria waliokuwa wakiyatetea hawakuridhika. Hatutaki kuhukumu jambo hilo hapa. Tunachotaka wazazi wakione ni kuwa watu wanaweza kubishana miaka na miaka juu ya mkanda mmoja, kwa kuwa walioutazama hawakubaliani umepigwa wapi, lini, na nani. Shahidi asiyehifadhi sanad yake huwapa shida hata aliotaka kuwasaidia.

Basi kwa upande wa elimu, jawabu letu ni: asimkataze. Asome.

Watoto wa machimboni

Sasa tuje kwenye safari. Wanachotaka kukirikodi si uzushi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzuru maeneo 11 ya uchimbaji katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Walizungumza na watoto 61 wanaofanya kazi za uchimbaji, na walikuta wengine wana umri wa miaka minane. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Bara imekataza mtoto kufanya kazi za hatari, na ya migodini ni miongoni mwao.

Sisi tulipopita vijiji vya Geita katika safari ya daawa tulimuona mama mmoja amekaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni. Mbele yake karai lenye mchanga uliosagwa kwenye karasha. Anatia zebaki, anakoroga kwa mkono mtupu mpaka dhahabu inagandamana nayo, kisha anaichoma juu ya mkaa. Zebaki inapanda kuwa moshi, dhahabu inabaki. Moshi ule huharibu mishipa ya fahamu na figo, na hudhuru hata mimba. Mtoto mgongoni alikuwa anauvuta, na mama yake hajui. Tulimwambia, akatuuliza: "Sasa sheikh, tule nini?"

Mwenye kuliona hilo akalinyamazia bila sababu, tunamkhofia. Quran imetutaka tusimame na uadilifu tukiwa mashahidi (Suratun Nisaa, aya ya 135), na imekemea kuficha ushahidi (Suratul Baqara, aya ya 283). Kijana anayetaka kuuonyesha umma kuwa mwenzake wa rika lake yumo shimoni ana nia njema, na Allah amlipe kwayo.

Lakini ushahidi una aibu za watu ndani yake. Uislamu umetufunza stara. Umetukataza kupeleleza na kudharauliana (Suratul Hujurat, aya ya 11 na 12), na umetuamrisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia majumba ya watu (Suratun Nuur, aya ya 27). Kamera inaingia nyumbani kwa mtu bila hodi, na picha ikishatoka hairudi. Yule mama wa karai, uso wake ukionekana, anaweza kufikishwa kwa polisi. Mtoto wake akibaki bila mlezi, filamu imemsaidia nini?

Mikoa ile inalijua hili kwa uchungu zaidi. Watu wenye ualbino waliuawa huko kwa imani za ushirikina. Mwandishi Vicky Ntetema wa BBC aliingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa mwaka 2008 kwa siri, akafichua biashara ya viungo vyao, na akalazimika kujificha kwa vitisho. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Khabari zilizotolewa kwa ujasiri zilisaidia watu kuamka. Lakini mtoto mwenye ualbino akionyeshwa uso, jina na kijiji chake, kwa nia njema kabisa, picha ile ile inaweza kuwa ramani ya muuaji.

Masharti ya kumruhusu

Kwa hayo, tunaona mtoto wenu aruhusiwe kutengeneza filamu hiyo kwa masharti haya:

1. Asiingie shimoni wala asikae kwenye moshi wa zebaki. Mwaka 2015 mgodi wa Nyangalata, huko huko Kahama, uliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kuilinda nafsi ni wajibu, na filamu si dharura. Mengi yanaweza kurikodiwa nje, mbali na hatari, akiwa na mwalimu.

2. Idhini kwanza. Skuli ipate ruhusa ya serikali ya kijiji na ya mwenye eneo, na izingatie taratibu za Bodi ya Filamu Tanzania. Kisha mtoto anayerikodiwa aulizwe, na mlezi wake aulizwe. Akikataa mmoja, basi. Na wasimpe pesa ili akubali, maana mwenye njaa hukubali kila kitu.

3. Uso, jina na mahali visijulikane. Mikono yenye vumbi, kivuli ukutani, sauti, na daftari lililoachwa nusu vinatosha kusema.

4. Asipange uongo akauita ukweli. Wakiigiza, waandike kuwa ni maigizo. Kumwambia mtoto abebe kiroba mara ya pili ili picha itoke vizuri ni kumuongezea mzigo, na ni kusema uongo.

5. Waliorikodiwa waione kabla ya mtu mwengine yeyote, na wawe na haki ya kusema hiki kitoe. Picha ghafi abaki nazo mwalimu, zisizagae kwenye simu za wanafunzi.

6. Mipaka ya dini ibaki pale pale: sala kwa wakati wake, mavazi ya stara, na wavulana na wasichana wasijitenge faragha kwa kisingizio cha kazi. Ami yake amjue mwalimu, na aulize mapema.

Na baada ya filamu?

Hili ndilo tunaloliona wengi wanalisahau. Muulizeni mtoto wenu: ikishakamilika, nani ataitazama? Akisema ataiweka mtandaoni ipate watazamaji wengi, mwambieni nia yake airekebishe. Akisema itaonyeshwa kwenye mkutano wa wazazi, kwa uongozi wa kijiji, kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa imamu na mchungaji wa pale, basi huyo ameelewa kazi ya shahidi. Shahidi hupeleka maneno kwa mwenye uwezo wa kutenda.

Na sisi tulioko visiwani tusidhani yametuhusu kidogo. Wako wafanyabiashara wetu wengi Kahama na Geita wanaouza kwa wachimbaji hao, na riziki yao inatokana na dhahabu ile. Sare, daftari na chakula cha mchana kwa mtoto mmoja aliyetolewa machimboni ni sadaka iliyo ndani ya uwezo wa duka moja. Ami wa mtoto wenu awe wa mwanzo. Yule mama wa karai alituuliza wale nini, na suali lake halijibiwi kwa filamu peke yake.

Kwa baba wa mtoto, tunamuomba kwa heshima: khofu yako ni ya mzazi mwenye dini, usiiache. Igeuze iwe masuali. Mwanao akirudi likizo, kaa naye, muambie akuonyeshe alichokirikodi, na muulize kama anavyoulizwa mpokezi wa hadithi: umekipata kwa nani, umekiona kwa macho yako, umekata nini ukaacha nini, na mwenyewe amekuridhia? Tunatarajia atakujibu vizuri. Masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa Siku ya Kiyama (Suratul Israa, aya ya 36). Ni kheri azoee kuulizwa na baba yake kwanza.

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu na watoto wa machimboni, na atujaalie kuwa mashahidi wakweli. Wallahu a'alam.