Uuguzi wa afya ya akili nchini Australia: njia hupitia shahada ya uuguzi wa jumla

Mwanafunzi anayetamani kuwahudumia wagonjwa wa akili nchini Australia hupaswa kufahamu jambo moja kabla ya kuchagua chuo: nchi hii haina usajili wa pekee wa muuguzi wa afya ya akili. Kila anayetaka kuifanya kazi hiyo husomea kwanza uuguzi wa jumla, kisha hubobea.

Utaratibu huo hutofautiana na wa nchi nyingine. Nchini Uingereza, mwanafunzi huchagua tangu mwanzo kama atawauguza watu wazima, watoto, wenye ulemavu wa kujifunza au wagonjwa wa akili, na husajiliwa kwa fani hiyo. Nchini Uganda, wauguzi wa fani hii wamekuwa wakifunzwa katika chuo kilichopo hospitali ya Butabika, jijini Kampala. Kwa hiyo, ushauri wa jamaa walioko London au Kampala, hata ukitolewa kwa nia njema, unaweza kumpotosha anayeishi Melbourne au Perth.

Hatua za masomo

Shahada ya uuguzi huchukua miaka mitatu kwa anayesoma muda wote. Ndani yake mna angalau saa 800 za mafunzo ya vitendo hospitalini na katika vituo vya huduma. Anayehitimu huomba usajili kwa Bodi ya Uuguzi na Ukunga ya Australia kupitia AHPRA, ambayo huangalia pia ujuzi wa Kiingereza na rekodi ya makosa ya jinai. Ni busara kuhakikisha mapema kwamba kozi imo katika orodha ya zile zilizoidhinishwa na bodi hiyo.

Baada ya usajili, muuguzi mpya anaweza kuanza kazi katika wodi ya wagonjwa wa akili, huku akisomea cheti, stashahada ya juu au shahada ya uzamili katika fani hiyo. Asiyekidhi vigezo vya kuingia chuo kikuu anaweza kuanza na stashahada ya uuguzi, ambayo vyuo vingi huitambua na kumpunguzia muda wa shahada.

Gharama na aina ya visa

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Raia na wenye visa ya kudumu ya kibinadamu wanaoishi nchini wanaweza kupata nafasi inayogharimiwa kwa sehemu na serikali, na mkopo wa HECS-HELP kwa kiasi kinachobaki. Wenye ukaazi wa kudumu wa aina nyingine wanaweza kupata nafasi hiyo, lakini kwa kawaida hawapati mkopo. Hulazimika kulipa sehemu yao wenyewe mapema.

Mafunzo ya vitendo nayo huwa mzigo, kwani mwanafunzi hulazimika kupunguza kazi yake ya kipato kwa majuma kadhaa. Tangu Julai 2025, serikali ya shirikisho hutoa malipo ya kila juma kwa wanafunzi wa uuguzi walio katika mafunzo hayo, baada ya kupimwa kipato na mahitaji yao.

Thamani ya lugha

Mgonjwa anayesema kwa Kiswahili "nina mawazo" hamaanishi kwamba anafikiri. Anaeleza kwamba amelemewa. Neno hilo likifasiriwa kama lilivyo, uzito wake hupotea. Wapo pia wasioitaja huzuni kabisa, bali hulalamikia kichwa, kifua au kukosa usingizi. Muuguzi aliyekulia katika lugha hiyo huweza kusikia kile ambacho fomu ya hospitali haikuuliza.

Hata hivyo, kujua lugha hakumfanyi muuguzi kuwa mkalimani. Maamuzi mazito, kama vile ridhaa ya matibabu, huhitaji mkalimani mwenye sifa. Aidha, katika jamii ndogo ambamo watu hukutana msikitini, kanisani na harusini, wagonjwa wengi huogopa siri zao zisivuje. Sheria humfunga muuguzi kutunza siri hizo, na mwanafunzi hufundishwa wajibu huo tangu mwaka wa kwanza. Jamii ikiuelewa, huenda hofu ya kutafuta tiba ikapungua, na wazazi wakaacha kuiona kazi hii kuwa ya kukaa na "vichaa".

Kabla ya kujiandikisha, mwanafunzi aulize chuo maswali matatu: je, kozi imeidhinishwa? Je, kuna mafunzo ya vitendo katika huduma za afya ya akili? Je, visa yake inamruhusu kupata mkopo?

Anayehitaji msaada wa kihisia anaweza kupiga simu Lifeline, 13 11 14. Huduma ya ukalimani hupatikana kwa namba 131 450. Maisha yakiwa hatarini, piga 000.