Mume Kajenga Ndege, Mke Kagoma Kupanda!

Umeshawahi kugombana na mwenzi wako kwa sababu ya taa? Sizungumzii taa ya chumbani, ile ambayo mmoja anataka izimwe na mwingine bado anasoma. Nazungumzia taa moja nyekundu, ndogo kama kifungo cha shati, iliyokaribia kuwatenganisha watu wawili ninaowapenda sana.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilisafiri hadi Wisconsin, Marekani, kumsalimia dada yangu. Yeye ni nesi. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi wa lifti. Wana watoto wawili na nyumba nzuri yenye gereji kubwa. Ila gereji ile kwa miaka sita haikulaza gari. Ililaza ndege.

Ndiyo, umesoma vizuri. Ndege! Shemeji ameijenga mwenyewe, jioni baada ya kazi na kila Jumamosi.

Kule ni jambo la kawaida

Marekani mtu anaruhusiwa kujenga ndege yake, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Wana hata chama chao, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953. Kila mwisho wa mwezi wa saba hukusanyika Oshkosh, hapo hapo Wisconsin, na ndege zaidi ya 10,000 hutua pale na kwenye viwanja vya jirani. Shemeji alinipeleka. Nilikuta wanandoa wamelala kwenye hema chini ya bawa la ndege yao, asubuhi wanachemsha kahawa utafikiri wapo kwenye baraza la kwao.

Ndege ya shemeji ni RV-7, ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega. Mwili wake ni wa alumini, umeshikwa na maelfu ya ribiti. Alikuwa ameshamaliza saa 40 za majaribio, zile ambazo rubani haruhusiwi kubeba abiria. Sasa kiti cha pili kilikuwa kinamsubiri mkewe.

Dada akagoma.

Kibao kilichozua balaa

Sheria inataka ndege ya aina hii iwe na kibao mbele ya abiria, kinachosema kwamba imejengwa na mtu asiye kiwanda, na kwamba haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Dada alikisoma mara mbili. Akashuka.

“Baba Watoto, hii ikishika moto huko juu, utajuaje?”

Shemeji akacheka. “Mama Watoto, haitashika moto. Nimeifunga kwa mikono yangu.”

Kosa! Wanaume, hebu nisikilizeni. Mwanamke akikuuliza “utajuaje”, usimjibu “haitatokea”. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Wiki nzima chakula kililiwa kimya kimya. Shemeji akaniambia pembeni, “Shemeji, dada yako hana imani na mimi. Miaka sita nimejenga, hajaamini hata ribiti moja.” Dada naye, usiku tukiwa jikoni, akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, na nadhani hata mumewe alikuwa amelisahau. Anafanya kazi wodi ya watu walioungua.

“Mdogo wangu, mimi kila siku nabadilisha bandeji za watu ambao hawakujua kwamba moto umeanza. Sikatai kazi yake. Naogopa dakika zile ambazo hatujui.”

Kumbe! Mmoja alidhani anakataliwa, mwenzake alikuwa anaogopa. Hakuna aliyemwambia mwenzie neno lenyewe.

Swali la dada lilikuwa la maana

Kesho yake nikamwambia shemeji yale ya jikoni. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanipeleka hanga na kufungua boneti.

Kwenye ndege yenye injini moja mbele, kila kitu hatari kimekaa pamoja: bomba la petroli, oili, na ekzosi yenye moto mkali. Bomba likivuja au ekzosi ikipasuka, mambo yanaweza kuharibika haraka. Kati ya injini na miguu ya rubani kuna ukuta wa kuzuia moto, bati jembamba la chuma kisichoshika kutu. Nilishangaa kuambiwa kuwa kipimo kinachokubalika kwa bati hilo ni inchi 0.015, haifiki hata nusu milimita! Lakini chuma hicho hustahimili ndimi za moto, wakati alumini huyeyuka ikifika kama nyuzi 660 za Selsiasi. Maana yake ukuta unakupa muda, na muda huo haukusaidii kama hujui kwamba moto umeanza. Boneti inaficha. Rubani anaweza kuona moshi au kusikia harufu akiwa amechelewa.

Ndege kubwa za abiria zina vitambua-moto kwenye injini. Hizi ndogo, sheria haimlazimishi mjenzi. Anaamua mwenyewe.

“Kwa hiyo swali lake halikuwa la kijinga,” nikasema.

“Halikuwa,” akajibu. Jioni ile alimwomba mkewe msamaha, kisha akamwomba waifanye kazi ile pamoja.

Jumamosi ya mikono michafu

Kifaa chenyewe ni rahisi. Ni swichi ya joto: kipande kidogo cha chuma ambacho joto likipita kiwango fulani kinaunganisha umeme, na taa nyekundu kwenye dashibodi inawaka. Vifaa vyote havikuzidi bei ya chakula cha jioni cha watu wanne hotelini.

Kazi ilikuwa kuchagua kiwango na mahali. Ukiweka kiwango cha chini, taa itawaka ovyo, na taa inayodanganya mara tatu, mara ya nne hakuna anayeiamini. Kwa hiyo shemeji alibandika kwanza stika zinazobadilika rangi kwa joto, akaruka siku ya jua kali, akatua, akaiacha ndege imesimama, maana injini ikizimwa hewa haipiti na joto chini ya boneti hupanda. Ndipo akachagua swichi ya kiwango cha juu zaidi ya hapo.

Alifunga mbili: moja chini, pale hewa iliyopoza injini inapotokea, kwa sababu joto la moto litapita huko huko, na nyingine juu karibu na ukuta. Akatumia waya wenye ganda linalovumilia joto, akaweka fyuzi, na tundu la waya kwenye ukuta akaliziba kwa kifaa kisichoungua. Ukiacha tundu, umeufungulia moto mlango.

Halafu yakaja mabishano ya taa ikae wapi. Shemeji alitaka pembeni, pasiharibu urembo wa dashibodi. Dada akamkumbusha John Denver. Mwanamuziki huyo alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko California, akiendesha ndege iliyojengwa na mtu mwingine nyumbani. Mjenzi aliweka swichi ya kubadilisha tangi la mafuta nyuma ya bega la rubani, tofauti na mchoro wa awali, na wachunguzi waliona kwamba kuifikia kwake kwa shida kulichangia ajali. Shemeji hakubisha tena. Taa ikakaa mbele, pale macho yanapoangalia.

Dada ndiye aliyeipima. Alipuliza hewa ya moto kwenye swichi, nasi ndani tukasubiri. Ikawaka! Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia taa namna ile.

Akaongeza sharti moja: kifaa cha kutambua hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Ekzosi ikipasuka, hewa hiyo inaweza kuingia ndani hata bila moto.

Kujua tu hakutoshi

Taa haizimi moto. Kwa hiyo dada alikariri hatua kama anavyokariri dozi: kata mafuta kwenye injini, funga bomba la mafuta, zima umeme mkuu, funga hita, ongeza mwendo ili upepo uuzime moto, tafuta pa kutua. Akagundua pia mtego: ukizima umeme, taa nayo inazimika, hata kama moto bado unawaka. Shemeji mwenyewe alikuwa hajalifikiria hilo.

Siku mbili kabla sijarudi Dar, walipanda. Kabla ya kuwasha injini, dada alibonyeza kitufe cha kujaribu taa. Ikawaka, akaachia, ikazima. Wakaruka dakika 20, nami nikabaki chini na watoto, mikono ikitetemeka. Waliporudi dada alikuwa analia na kucheka. “Mdogo wangu, mashamba yanaonekana kama kanga!”

Ya kubeba nyumbani

Wewe huna ndege, najua. Mimi pia sina. Lakini una pikipiki ya mumeo, biashara ya mkeo, mkopo wa nyumba. Basi:

- Mwenzio akikuuliza “utajuaje”, mjibu swali hilo hilo.
- Uliza hofu yake imetoka wapi. Huenda anaiona kila siku kazini.
- Kubalianeni dalili ya hatari ni ipi, na iwekwe pale wote mnapoiona.
- Msipige kelele kwa kila joto dogo, taa yenu itazoeleka.
- Kubalianeni mapema mtafanya nini ikiwaka.

Niliporudi nilimwuliza mume wangu: akiba yetu ikipungua hadi kiasi gani, tuambiane? Akaniangalia, akacheka, kisha akaleta kalamu. Tulikaa mezani hadi saa sita usiku.