Mtandao wa hafla haupangwi asubuhi ya hafla

Katika shule na vyuo vyetu, kamati ya maandalizi huketi mapema kujadili mahema, viti, vipaza sauti na chakula. Mgeni wa heshima huandikiwa barua miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Suala la intaneti huachwa hadi mwisho, na aghalabu hutupiwa mwalimu mmoja kijana anayesemekana kuwa anajua mambo ya tarakilishi. Mambo yakiharibika, mfawidhi hushika kipaza sauti na kuwatangazia wageni kuwa mtandao unasumbua, kana kwamba mtandao ni mvua iliyoteremka kutoka juu na isiyo na mwenyewe.

Zamani hasara ya uzembe huu ilikuwa ndogo, kwa maana hotuba zilisomwa kutoka kwenye karatasi. Leo mwanafunzi wa shule ya upili anayeshiriki maonyesho ya sayansi huenda amebuni chombo kinachopima unyevu wa udongo na kutuma vipimo hivyo kwa intaneti. Amekihangaikia kwa mihula miwili. Waamuzi husimama mbele yake kwa dakika chache, kisha husonga kwa mwenzake. Mawimbi yakipotea katika dakika hizo, hawezi kuwaomba warudi kesho, na alama zinazopotea ni zake, si za kamati.

Yafaa basi tuelewe jinsi waifai inavyofanya kazi. Waifai ni redio, na redio hushindania hewa. Mnamo 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha tarakilishi za visiwa vyao kwa mawimbi, katika mfumo ulioitwa ALOHAnet. Kila kituo kiliruhusiwa kutuma ujumbe wakati wowote katika mkondo mmoja. Jumbe mbili zilipogongana, zote mbili ziliharibika, na kila mtumaji alingoja kwa muda wa kubahatisha kabla ya kurudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo, hata mambo yakienda vyema kabisa, ni takriban asilimia 18 tu ya uwezo wa mkondo inayoweza kubeba ujumbe unaofika salama. Waifai ya leo ina adabu zaidi: chombo husikiliza kwanza, na kikisikia mwenzake anazungumza hunyamaza. Hata hivyo, hewa ya ukumbi imebaki moja. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vyombo vingi vya bei nafuu, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi, ijapokuwa mawimbi yake hupenya kuta kwa shida.

Msomaji asidhani kuwa haya ni matatizo ya maskini. Mnamo Juni 7, 2010, Steve Jobs alikuwa jukwaani mjini San Francisco, Marekani, akiuonyesha ulimwengu simu ya iPhone 4. Alijaribu kufungua ukurasa wa gazeti, ukakataa kufunguka mbele ya maelfu ya watu. Baadaye aliwaeleza wasikilizaji kwamba mlikuwa na vituo 570 vya waifai vikifanya kazi ukumbini humo. Havikuwa vya mwenye ukumbi. Vingi vililetwa na wageni wenyewe, vile vidogo vya mfukoni, kila mmoja akijihami asije akakosa intaneti. Jobs aliwaomba wavizime na kuweka vipakatalishi vyao sakafuni, ndipo akaendelea. Kampuni ile haikukosa fedha wala wahandisi. Ilichokosa siku hiyo ni hewa.

Kisa hicho hurudiwa katika kumbi zetu kila wikendi. Intaneti ya ukumbi inapozorota, mwalimu mmoja huwasha rununu yake na kuigeuza kituo cha kurushia intaneti. Jirani yake humwiga. Punde wako 40, kila mmoja akiamini amejiokoa, ilhali kila rununu iliyowashwa imeongeza sauti nyingine katika chumba ambacho tayari hakuna anayesikizana na mwenzake.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya jambo hili somo. Tuseme kongamano lina walimu 300, kila mmoja ana rununu, na 200 kati yao wana vipakatalishi pia. Hivyo ni vyombo 500, na ndiyo idadi inayopaswa kupangiwa, si ile ya viti. Shule imelipia megabiti 100 kwa sekunde. Vyombo vyote vikidai kwa pamoja, kila kimoja kitapata megabiti 0.2, hapo kabla ya kutoa muda unaopotea kwa kungojana. Mazungumzo ya video huhitaji megabiti moja au zaidi. Isitoshe, chombo kilicho mbali na kisambazaji hutuma polepole ili kisikike, na kinapojikokota huwaweka wote. Ni sawa na mteja dirishani benki anayehesabu sarafu moja moja: karani ni hodari kama jana, lakini foleni haisongi.

Kuna mitego mingine ambayo haionekani mpaka siku yenyewe. Ruta ya nyumbani kwa kawaida hugawa anwani 250 hivi, na nyingine hukikodishia kila chombo anwani yake kwa siku nzima. Mgeni aliyeondoka saa nne asubuhi bado ameishika anwani yake, na anayefika saa nane hukataliwa mlangoni ingawa nafasi iko tele. Dawa yake ni kupunguza muda wa ukodishaji hadi saa moja na kupanua orodha ya anwani, kazi ya dakika kumi kwa mwenye nywila ya ruta. (Mwenye nywila hiyo, ajabu, mara nyingi huwa yuko likizoni.)

Pia kuna udanganyifu wa kujaribu mitambo usiku wa kuamkia hafla, ukumbi ukiwa mtupu. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji humeza mawimbi haya. Kisambazaji kilichowekwa juu ya meza kinafika kila pembe usiku, kisha asubuhi kinazingirwa na ukuta wa watu. Kitundikwe juu ya vichwa. Vilevile umeme ukikatika, jenereta huwaka baada ya muda mfupi, lakini ruta iliyozimika huchukua dakika kadhaa kujipanga upya. Betri ndogo ya akiba ingeivusha.

Kuhusu kununua laini ya pili ya tahadhari, nina shaka na jinsi tunavyofanya. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya na kwa majirani zetu. Aliyekuwa na kampuni mbili zilizotegemea nyaya hizo hizo alikuwa amelipa mara mbili kwa njia moja. Swali la kumuuliza muuzaji si bei pekee, bali pia data yake inapitia wapi.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, shule yenye fedha kidogo isianze na laini ya pili. Ianze na waya. Jukwaa, meza ya waamuzi na kila meza ya mshindani anayetegemea intaneti zivutiwe waya kutoka kwenye ruta, zisishindanie hewa na hadhira. Hadhira ipewe waifai yake kando, yenye kikomo cha kasi kwa kila chombo, na video izuiwe. Watanung'unika, na wanung'unike. Mwanafunzi naye afundishwe kuhifadhi vipimo vyake ndani ya kipakatalishi, ili aweze kuvionyesha bila mtandao, na waamuzi waelekezwe mapema wasimkate alama kwa hilo.

Na tangazo la kuzima rununu zinazorusha intaneti lisomwe na mfawidhi baada tu ya maombi, pamoja na lile la kuwaelekeza wageni maliwatoni.