Mgongo Ukiuma, Nani Atapumzika?

Mgongo humuuma karani na mchuma chai vilevile, lakini hauwazuii sawasawa. Karani aweza kubadilisha kiti, asimame kidogo, aendelee. Mchuma chai ana kikapu mgongoni na mlima mbele yake. Akishindwa kubeba, siku hiyo hana kilo za kupima. Ndiyo sababu watu wa kazi za mikono hukosa kazini zaidi kwa ajili ya maumivu. Si uvivu, jamani.

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema hivi: ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo kwa mwajiri mmoja, una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12. Lakini mwajiri aarifiwe mapema, na ulete cheti cha daktari. Wengi hukosa haki hii kwa kulala nyumbani kimya wakimeza dawa za dukani.

Na kibarua wa siku je? Akilala, halipwi. Basi huendelea kubeba mawe mpaka maumivu ya wiki yawe ya mwaka. Vikundi vyetu vingi vina pesa za matanga. Hebu tuulizane mkutanoni: pesa hizo haziwezi kumpumzisha mtu siku 3 angali hai?