JE, KILA ANAYEANGUKA ANA KIFAFA?



Mtu akianguka na kutetemeka, wengi husema mara moja kuwa ana kifafa au mapepo. Mara nyingi huwa ni kifafa kweli. Lakini kuna kuanguka kunakofanana na kifafa ambako hakutokani na hitilafu ya umeme wa ubongo. Mara nyingi chanzo chake ni mzigo uliomzidi mtu moyoni: aliyoyaona vitani, kubakwa, kufiwa, au hofu ya muda mrefu. Mtu huyo hajifanyi. Hawezi kujizuia, kama vile wewe usivyoweza kuzuia jasho la hofu.

Kwa nini ni vigumu kutambua?

Kipimo cha uhakika ni mashine ya kurekodi umeme wa ubongo, pamoja na video, wakati mgonjwa anapoanguka. Mashine hiyo hupatikana katika hospitali chache kubwa. Ndiyo maana hata wahudumu wa afya hutofautiana. Baadhi hutoa dawa za kifafa ili wasikose kumtibu mwenye kifafa. Wengine hudhani mgonjwa anaigiza, nao wanakosea. Dawa za kifafa haziponyi kuanguka kwa aina hii, na sindano nyingi za kutuliza zinaweza kuzuia pumzi.

Wewe uliyeona ndiye shahidi

Mweleze mhudumu yafuatayo:
- Kulichukua dakika ngapi? Kifafa kwa kawaida huisha ndani ya dakika 2 au 3.
- Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Katika kifafa mara nyingi huwa wazi.
- Je, aliuma ulimi? Alianguka akiwa usingizini?
- Nini kilitangulia: ugomvi, habari mbaya, homa?

Dalili moja peke yake haitoshi. Pia mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Mtu akianguka mbele yako

Ondoa moto na vitu vyenye ncha. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize. Akizidisha dakika 5, mpelekeni hospitali. Mtoto mwenye homa na mama mjamzito wapelekwe mara moja, bila kuhesabu dakika.

Matibabu

Mgonjwa aelezwe ukweli kwa heshima, apate mshauri wa kuzungumza naye mara kwa mara, na arudi polepole katika kazi zake. Wengi hupata nafuu. Nyumbani, msimcheke, msimfunge wala kumpiga.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa afya ya akili kwa wahudumu wasio mabingwa, kwa mazingira kama ya kambi. Kwa hiyo usione haya kuuliza zahanati yako kuhusu huduma hiyo.

ANGALIA: Kama unatumia dawa za kifafa, usiache kwa sababu ya karatasi hii. Kuziacha ghafla kunaweza kuua. Zungumza kwanza na daktari.