Deni la elfu saba, alama ya miaka mitano

Novemba 2022, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwasafishia majina watu waliochelewa kulipa mikopo ya simu wakaishia kuorodheshwa CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji. Watu wenyewe walikuwa zaidi ya milioni 4.2. Madeni yao yote yalifika takriban shilingi bilioni 30. Ukigawanya, kila mmoja alidaiwa kama shilingi 7,100 hivi. Kwa upande wa benki, bilioni hizo 30 zilikuwa asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya shilingi trilioni 3.6. Yaani deni lisiloweza kuitikisa sekta ya benki lilikuwa limewafungia mlango mamilioni ya Wakenya.

Mpango ule ulihusu mikopo ya siku 30 au pungufu. Benki zilitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni, na mkopaji alipe salio kufikia mwisho wa Mei 2023. Kwa mdaiwa wa wastani, ni kama shilingi 3,550 za kusamehewa na nyingine kama hizo za kulipa. Muda huo umepita. Kanuni zilizofanya watu wahitaji msamaha zingalipo.

Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa chechefu, na mkopeshaji anapaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 haliorodheshwi. Juu ya hapo hakuna daraja. Aliyeshindwa kulipa 1,200 na aliyeshindwa kulipa milioni 12 wote hubeba alama mbaya CRB kwa miaka 5 baada ya kumaliza kulipa.

Baada ya kumaliza kulipa: hapo ndipo wengi huumia. Mtu hudhani deni la zamani litajifia lenyewe. Chukua mkopo wa 2,000 ulioorodheshwa 2018. Ukilipwa mwaka huohuo, alama inaondoka 2023. Ukiachwa hadi 2023 ndipo ulipwe, alama inakaa hadi 2028. Deni ni lilelile, lakini kuahirisha kumeongeza miaka 5. Kwa hiyo deni kuukuu la elfu mbili tatu ndilo la kulipa kwanza, hata kama mkopeshaji ameacha kupiga simu.

Gharama ya alama hiyo haionekani kwenye deni lenyewe. Tuseme mama mwenye duka anahitaji 100,000 kwa mwaka mmoja. Benki ikimtoza asilimia 16 kwa mwaka, riba haizidi 16,000. Benki ikimkatalia akaenda kwa shailoki wa asilimia 10 kwa mwezi, riba ya mwaka ni 120,000. Tofauti ya 104,000 ni zaidi ya mara 14 ya lile deni la wastani. Mtafuta kazi naye huombwa cheti cha CRB na waajiri wengi wa serikali. Kanuni za 2020 zilifanya cheti cha mara ya kwanza kuwa bure, na huo ni msaada wa kweli kwa kijana ambaye hajapata mshahara wake wa kwanza.

Mimi naona muda wa alama ungefuata ukubwa wa deni. Aliyechelewa na elfu saba kisha akalipa yote, ingetosha abebeshwe alama mwaka mmoja. Benki isingepoteza taarifa yoyote ya maana, kwa sababu malipo mazuri ya miezi 12 yanasema mengi kuliko kosa la miaka 4 iliyopita.

Mpaka hapo kanuni zitakapobadilika, dai ripoti yako. Kila mwaka una haki ya nakala moja bila malipo kutoka kwa kila kampuni ya CRB, nazo ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Usiridhike na kuiona moja tu. Kabla ya kulipa deni la zamani, taka salio kwa maandishi. Ukishalipa, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Kisha itazame tarehe ya malipo ya mwisho kwenye ripoti, kwa maana miaka 5 huhesabiwa kutoka hapo. Ukiwa ulilipa Machi nao wameandika Novemba, umeongezewa miezi 8. Wasilisha pingamizi kwa CRB yenyewe, ukiambatanisha ule ujumbe wa malipo.