Lugha ya Mpira Redioni na Wasikilizaji wa Ufipa

Wachunguzi wa Kiswahili wameelekea zaidi ushairi, hadithi, lahaja za pwani na istilahi za serikali. Lugha ya watangazaji wa mpira wa miguu hutajwa kwa haraka tu, kana kwamba ni mchezo ndani ya mchezo. Lakini ni dhahiri kwamba tangu katikati ya karne ya 20 ni vyombo vichache vilivyoeneza msamiati mpya kwa watu wengi na kwa muda mfupi kama redio ilivyofanya siku ya mechi. Kusudi la makala haya ni kueleza namna msamiati huo ulivyoundwa kwa haja ya kumwonyesha mtu asiyeona, namna haja hiyo ilivyobadilika yalipokuja mazungumzo ya michezo na matangazo ya setilaiti, na kwa nini yafaa maneno ya kwanza yakusanywe sasa. Mfano uliochaguliwa ni Ufipa, kwa kuwa huko msikilizaji alikuwa mbali na kiwanja kuliko wengi.

Uwanda wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, ulio karibu na milima ya Mbizi, ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi ni Kifipa, nacho Kiswahili hujifunzwa shuleni, sokoni, kazini, na redioni vilevile.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Basi kwa zaidi ya miaka 40 mtu wa Sumbawanga, wa Laela au wa Namanyere aliyetaka kujua jinsi Yanga au Simba ilivyocheza hakuwa na njia nyingine ya papo kwa papo ila kusikiliza. Timu ya Taifa ilipotoka sare ya 1–1 na Zambia mjini Ndola mwaka 1979, ikapata nafasi ya kwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980, bao la Peter Tino liliwafikia watu wa Bara kwa masikio kabla ya macho. Na lililofika kwa masikio lilifika kwa maneno.

Maneno na asili yake

Mtangazaji wa redio alikuwa na shida ambayo mwandishi wa gazeti hakuwa nayo: alitakiwa kulipa tendo jina wakati lile lile linapotendeka, kwa watu wa makabila mengi, kwa maneno ambayo wote wangeyafahamu. Hakuwa na muda wa kutafsiri. Akachukua vitu vya maisha vilivyo karibu naye, akavitia kiwanjani.

Baharini alipata nahodha na nyavu. Nahodha wa chombo akawa mkuu wa wachezaji. Nyavu za mvuvi zikawa za lango, nazo zikazaa misemo: mfungaji hutikisa nyavu, hucheka na nyavu, tena hufumania nyavu. Huu wa mwisho una utamu wake, kwani kufumania ni kumkuta mtu katika jambo alilodhani limefichika. Nao mpira huingia pale mlinda mlango asipotazamia. Katika mavazi lilipatikana neno kanzu: kumvisha mtu kanzu ni kuupitisha mpira juu ya kichwa chake, kama vazi livaliwavyo. Katika uwindaji likaja neno kuotea, ambalo asili yake ni kuvizia. Mchezaji akaaye nyuma ya walinzi akingoja mpira ni sawa na mwindaji aliyejificha njiani, wala hapana tafsiri ya neno kwa neno ambayo ingelieleza kosa lile kwa ufupi kama huo.

Shamba nalo lilitoa fungu lake, na hapo mkulima wa Ufipa, mwenye kulima mahindi, maharage na ulezi, hana haja ya mfasiri. Ngwe ni kipande cha shamba apimiwacho mtu akilime. Katika mpira ikawa sehemu ya mchezo au ya msimu, na sehemu ya mwisho ya ligi ikaitwa ngwe ya lala salama. Mchezaji aliyekosa hulimwa kadi. Pamba na mboga huchambuliwa, yaani huondolewa takataka. Kutoka hapo likaja neno uchambuzi, likapita kwa wahakiki wa fasihi, kisha likakaa kwa wazungumzaji wa michezo. Na katika mwili lilitwaliwa neno kiungo, kwa mchezaji wa katikati aunganishaye nyuma na mbele.

Jambo jingine la kuangaliwa ni hesabu. Matokeo ya bao moja dhidi ya sifuri husemwa "moja bila", na mabao yasipopatikana pande zote husemwa "bila bila". Neno bila, ambalo kazi yake ni kuonyesha ukosefu wa kitu, hapa limesimama mahali pa tarakimu. Tena lugha hii hutenganisha sare na suluhu: sare ni kulingana kwa mabao, mathalan 1–1, suluhu aghalabu ni kutoka bila kufungana. Tofauti hii haikuamriwa na baraza lolote. Imejengwa na matumizi, nayo hushikwa sana na waandishi na watangazaji.

Sarufi ya mpira

Msamiati huu umeleta pia maswali ya sarufi. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Mnyama simba, kwa kuwa ni kiumbe hai, huchukua upatanisho wa a- na wa-: simba amelala, simba wamelala. Lakini klabu huchukua upatanisho wa i-: Simba imelala, yaani imefungwa. Na wanapokusudiwa wachezaji, husikika: Simba wamelala. Hivyo kiambishi peke yake humjulisha msikilizaji kama habari ni ya mwituni au ya kiwanjani, ya klabu au ya watu wake. Ni mfano mwema wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba upatanisho wa Kiswahili hufuata maana kama ufuatavyo umbo.

Maneno ya kigeni nayo yamepangwa kwa kanuni. Kocha, beki, winga, refa na golikipa katika wingi huwa makocha, mabeki, mawinga, marefa na magolikipa. Umbo la wingi ni la ngeli ya ma-, lakini upatanisho ni wa watu: makocha wamesema, mabeki wamechoka. Aidha, maneno mengi kati ya hayo yana ndugu wa Kiswahili: refa na mwamuzi, golikipa na mlinda mlango, goli na bao. Mtangazaji hodari hutumia yote mawili kwa zamu, ili sentensi zake zisichoshe sikio.

Kutoka masimulizi hadi mazungumzo

Baada ya mwaka 1993 sheria iliruhusu vituo vya watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, Clouds FM mwaka 1999, na vingine vikafuata. Hapo ilizaliwa namna mpya ya kipindi: watu watatu au wanne hukaa studio wakabishana kwa saa nzima juu ya mechi iliyokwisha kuchezwa au isiyochezwa bado. Spoti Leo ya Radio One, Sports Extra ya Clouds FM na Sports HQ ya EFM ni mifano ijulikanayo. Msomaji ataona kwamba majina mengi ya vipindi hivyo ni ya Kiingereza, ingawa mazungumzo yenyewe ni ya Kiswahili.

Mazungumzo haya yamesimama juu ya desturi ya zamani, nayo ni utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo si pambo. Katika utani wa makabila mtu huruhusiwa kumkejeli mtani wake hata msibani, naye mtani haruhusiwi kukasirika. Kwa njia hiyo hiyo mzungumzaji wa redio humcheka mwenzake aliyefungwa, wasikilizaji wakapiga simu kuongeza kejeli, na ugomvi usiwepo. Ndiyo maana kipindi kinachochukua ubishi wenyewe bila utani huwachukiza watu upesi.

Njia ya mawimbi nayo ilibadilika. Mawimbi mafupi na ya kati yalikwenda mbali, japo kwa mikwaruzo. Masafa ya FM yana sauti safi, lakini huzuiwa na milima. Mtambo uliowekwa uwandani hauna hakika ya kuwafikia watu walio chini ya miteremko, katika bonde la Rukwa au mwambao wa Tanganyika. Setilaiti haizuiwi hivyo. Azam TV ilianza mwaka 2013, na mwaka 2021 ikafunga na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kwa kuonyesha Ligi Kuu. Dishi, ambalo wengi huliita ungo, limeleta picha mahali ambapo zamani palifika sauti tu.

Hapa ndipo penye jambo zito. Anayetazama picha hahitaji kuambiwa mpira uko wapi. Ahitaji kuelezwa kwa nini. Hivyo mzungumzaji ameacha kusimulia, ameanza kuchambua. Uchambuzi umezaa maneno mema, kama kukabia juu na kiungo mkabaji. Umeleta pia tafsiri za mkato, kama kupaki basi na mipira iliyokufa, pamoja na Kiingereza kingi kisichotafsiriwa kabisa. Asiye na dishi, ambaye bado anategemea sikio, huachwa nje mara mbili: haioni picha, wala hasimuliwi.

Mwaka 2020 Ufipa ilipata nafasi ya kusimuliwa yenyewe. Tarehe 2 Agosti fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, na Simba ikaifunga Namungo 2–1. Mwezi Oktoba, kiwanjani hapo hapo, Tanzania Prisons iliifunga Simba moja bila. Siku hizo Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mbali.

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha. Haitoshi kuyaingiza maneno haya katika kamusi kwa maana moja tu. Kila neno lapasa kuandikwa pamoja na sentensi lililotamkwa ndani yake na mwaka wake, kutoka kanda za zamani zilizohifadhiwa. Kisha waulizwe wazee wa Ufipa na wa mikoa mingine ya mbali: waliposikia kwanza nyavu zimefumaniwa au kadi imelimwa, walielewa nini? Mtangazaji aliliunda neno kwa ajili yao. Ushahidi wao ndio utakaoonyesha kama lilifika, nao wazee hao hupungua kila mwaka.